Bongo Mbili za Mkalimani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu, la Watanzania wa Johannesburg, kwamba mkalimani amefariki hospitalini baada ya kuugua shinikizo la damu. Kabla sijamaliza chai, rambirambi zilikuwa zimejaa: daraja letu limevunjika, sauti yetu imezimika, nani atatusemea sasa kwa askari. Mwenyekiti wa kundi akanipigia. "Mzee, tuandikie kitu kizuri kwenye safu yako. Wewe umefanya naye kazi." Nikamwambia kwamba ndiyo sababu nasita. Akacheka, akidhani natania.

Tumefundishwa kutaja mema ya marehemu, nami nayataja kwanza. Alijua namna ya kuzungumza na wahudumu wa chumba cha maiti, na wapo wenzetu waliozikwa Tanga na Dar es Salaam, karibu na mama zao, kwa sababu yeye hakuchoka kusimama kwenye foleni. Alikuwa mcheshi. Hakupenda kula peke yake, na ukimkuta mezani kwenye mgahawa wa Fordsburg alikuvutia kiti hata kama mlikosana jana. Hayo ni kweli, Mungu amlipe. Lakini rambirambi hazimwiti daraja kwa ajili ya maiti. Zinamwita daraja kwa ajili ya walio hai, na hapo ndipo siwezi kuweka sahihi yangu.

Kipo kikosi kimoja hapa Johannesburg ambacho sitakitaja. Kina sare, pingu, magari, na mamlaka ya kukuchukulia mali ukiuza kando ya barabara. Kikosi hicho kilitaka ithibati, yaani cheti kinachotolewa na wakaguzi wa nje kuthibitisha kwamba askari wanafanya kazi kwa kufuata kanuni zilizokubaliwa. Kabla ya wakaguzi wenyewe kuja, hufanyika ukaguzi wa majaribio: watu hukodiwa wajifanye wakaguzi, wapite kila chumba, wahoji askari na raia, waseme palipo na kasoro ili zirekebishwe. Wazo lenyewe ni zuri. Daktari mwenye akili hujipima kabla ya kupimwa. Tabu ni kwamba ukaguzi wa majaribio unamsaidia yule tu anayetaka kujua kasoro zake. Asiyetaka kuzijua anautumia kujifunza mahali pa kuzifunika.

Kikosi kile kilijiandaa kama nyumba inayosubiri posa. Kuta zilipakwa rangi hadi pale ambapo macho ya mgeni yangefika, juu ya hapo zikaachwa na masizi yake. Mapokezi pakawekwa maua ya plastiki. Likaletwa sanduku la maoni lenye kufuli, na nilipouliza nani ana ufunguo, wakatazamana. Askari mmoja mnene, ambaye siku za kazi huzisogeza nyanya za akina mama kwa buti, alikuwa anatembea uani akikariri kama mtoto wa madrasa: kila mlalamikaji atasikilizwa kwa lugha anayoielewa. Kanuni hiyo ndiyo iliyotuleta sisi wawili, marehemu na mimi. Yeye aliajiriwa kama mkalimani na kiungo wa jamii. Mimi niliombwa kupitia Kiswahili cha mabango. Bango kubwa la mapokezi alikuwa ameshalitafsiri yeye. Liliandikwa: MALALAMIKO YAKO NI FURAHA YETU.

"Kaka," nikamwambia, "hii maana yake mnafurahi watu wakionewa. Andika tu kwamba mtu ana haki ya kulalamika hapa, na atapewa jibu."

"Usiwe na mambo mengi," akanijibu huku akilisugua kwa kiwiko ling'ae. "Ishawekwa plastiki."

Bango likabaki. Ningesamehe bango. Tafsiri mbovu ni ugonjwa wa kawaida, na wengi wetu tunaoishi ugenini tumeuugua. Jambo ambalo sikulisamehe lilitokea siku ya majaribio yenyewe, kwa neno moja dogo ambalo kila mtu aliyewahi kuishi na Wakongo mtaa mmoja analijua. Sisi Watanzania tukisema Bongo, tunataja nyumbani. Kwao bongo ni uongo. Mkongo akikwambia "ile ni bongo," hajataja nchi yako, amekwambia umedanganywa.

Mkalimani alitakiwa kuleta raia mmoja mwenye malalamiko, azungumze kwa lugha yake. Akaenda mtaa wa Troyeville kwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, fundi wa nguo, ambaye askari wa kikosi kilekile walikuwa wamemchukulia cherehani yake barazani. Walimwambia ataipata kesho. Kesho ilipofika, akaambiwa mali iko stoo, na mali isiyotolewa stoo hupigwa mnada. Hakuwa na cherehani nyingine. Nguo za harusi ya watu zilikuwa zimekatwa, zimelala kwenye mfuko, na wenyewe walikuwa wanapiga simu. Mkalimani akamwambia: "Mama, njoo useme neno lako, wakubwa wanakaa kukusikiliza." Hakumwambia kwamba wakubwa hao wamekodiwa. Mama akafunga kazi, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaja.

Mkaguzi wa majaribio alikuwa afisa mstaafu, mtu mpole mwenye kikombe cha chai ya rooibos. Aliuliza kwa Kiingereza kama siku ile mama alielezwa haki zake na namna ya kuirudisha mali yake. Mkalimani akaliweka swali kwa Kiswahili, vizuri kabisa. Mama akasogea mbele.

"Bongo! Hawakuniambia kitu. Ule askari alisema nitaikamata kesho. Bongo mutupu, papa. Nimekuja hapa mara ine, kila siku bongo."

Mkalimani akageuka kwa mkaguzi, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: mama huyu anatokea Bongo, ndivyo tunavyoiita Tanzania, anasema aliahidiwa kurudishiwa mali yake siku ya pili, na amekaribishwa hapa mara nne. Maafisa waliokaa ukutani wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkaguzi akaandika.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwamba mama ni Mkongo, kwamba bongo kwake ni uongo, na kwamba alichosema ni kuwa amedanganywa mara nne na hajaiona mali yake. Mkaguzi akanishukuru kwa dhati, akageukia maafisa na kuwaambia hiyo ni hoja muhimu sana: siku ya ukaguzi wa kweli wawe waangalifu na lahaja. Lahaja! Mama analilia cherehani, nao wanajadili lahaja. Mkalimani akanigusa goti chini ya meza.

"Eish, kaka, si majaribio tu haya?"

Mama alilisikia. "Majaribio?" akauliza. Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kumbe munanijaribu? Sasa mashini yangu iko wapi?"

Hakuna aliyemtafsiria mkaguzi swali hilo ila mimi, na mkaguzi akajibu, kwa huruma ya kweli, kwamba yeye hana mamlaka juu ya mali yoyote. Kazi yake ni mazoezi. Afisa wa malalamiko naye akaeleza kwamba maelezo yaliyotolewa kwenye mazoezi hayaandikishwi kama malalamiko, kwa hiyo mama arudi siku ya kazi aanze upya. Mama akakunja leso yake, akatoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye nilimkuta mkalimani Fordsburg, mbele ya sahani ya biriani. Nilikuwa bado najiambia kwamba labda alikosea. Akanivutia kiti, akacheka mpaka akapaliwa.

"Wewe unadhani mimi sijui bongo ya Wakongo? Nimepanga nao nyumba moja hapo Troyeville, jikoni moja, choo kimoja! Sasa niseme mbele ya yule mzee kwamba kikosi ni cha waongo, halafu kesho nani ataniita?"

"Na yule mama?"

"Mama nimemsaidia. Wangejua anawaita waongo, si wangemchukia? Tulia, kaka. Siku yenyewe simleti yeye. Namleta mtu wa kwetu Tanga, anayejua kuongea na wakubwa."

Akamleta. Wakaguzi wa kweli walipofika, mtu wa Tanga aliketi, akamshukuru Mungu, akasema askari wa kikosi hiki ni kama ndugu zake. Kasoro iliyoonyeshwa na majaribio ilikuwa imerekebishwa kikamilifu: mlalamikaji alikuwa amebadilishwa. Kikosi kikapata ithibati. Cheti kikatundikwa mapokezi, jirani na bango la furaha, na mkalimani akapigwa picha chini yake akiwa amevaa tai. Picha hiyohiyo ndiyo inayozunguka sasa kwenye kundi letu, na mishumaa imewekwa pembeni.

Nasikia watu wakisema kwamba askari ndio wabaya, mkalimani alikuwa mtu mdogo tu anayetafuta riziki. Askari siwatetei. Lakini askari hawakujua maana ya bongo. Katika chumba kile, kati ya wale waliolipwa kumsikiliza mama, aliyemwelewa alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyehakikisha kwamba haeleweki. Huku ugenini tumezalisha tabaka zima la watu wa aina hii: wanakaa kati yetu na ofisi, wanalipwa na ofisi, wanasifiwa na sisi, na bidhaa wanayouza ni unyamavu wetu. Tunawaita daraja. Daraja hupitisha watu. Hawa ni mageti, na ufunguo uko mfukoni mwao.

Nilikwenda Troyeville kumpa mama habari za msiba. Alikuwa anashona kwa mkono, pindo la sketi ya shule. Aliweka sindano, akafanya ishara ya msalaba. "Mungu amupokee," akasema. Kisha: "Huko hatahitaji mukalimani. Huko wanasikia Kiswahili yote." Akaokota sindano, akaendelea.

Kwa hiyo, mwenyekiti, kitu kizuri ulichoniagiza ni hiki, wasomaji wakichukue: ukiitwa mbele ya wakubwa, uliza kwanza kama ni kikao au ni mazoezi, kisha mwambie mkalimani akurudishie kwa lugha yako kile alichokisema kwa lugha yao, mbele ya wote, kabla hujanyanyuka kitini. Akikasirika, umeshapata jibu. Mama wa Bukavu hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliporudi siku ya kazi aanze upya, stoo ilikuwa tupu na mnada umeshapita. Na cherehani nyingine kama ile, aliyouliza bei yake dukani na kuiacha hapohapo, ni randi elfu tatu na mia mbili.