Sahihi ya Mwanangu

Karatasi ile niliibeba mimi. Naanza hapo kwa sababu watu wa Langas, mtaa wetu hapa Eldoret, wakisimulia mambo ya siku zile husema "karatasi ilipitishwa," kana kwamba ilikuwa na miguu. Niliibeba ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, na kalamu mbili. Kalamu moja ikiisha wino mlangoni kwa mtu, mtu hupata nafasi ya kufikiri.

Ilikuwa ya sahihi za kumwomba chifu afunge nyumba moja yenye geti la kijani. Mle ndani palikuwa na kituo kidogo cha kupima damu na kutoa dawa za ukimwi bila malipo. Hospitali dawa hizo zipo pia, lakini pale walienda watu ambao kwingine huchekwa wakiwa foleni: wanawake wa baa, na wanaume wanaopendana na wanaume. Wakati huo redio haikuwa na habari nyingine. Asubuhi mbunge, jioni mhubiri, katikati watu wanapiga simu kusema wafungwe, wafukuzwe, wachapwe. Kanisani kwetu mwenyekiti wa wazee alisema nyumba ile inaharibu watoto, akaomba mama mmoja mwaminifu azungushe karatasi ya sahihi mlango kwa mlango. Mimi nashona vitambaa vya makochi na kujaza mito, kwa hivyo naingia nyumba nyingi. Niliinua mkono.

Sikulazimishwa na mtu. Niliamini.

Mwanangu alikuwa amepanga chumba ploti ya pili kutoka kwangu, pamoja na rafiki yake, fundi wa mawe kutoka Moiben. Nilipoingia walikuwa wanakula.

"Mama, hata wewe umekuwa karani wa chifu?"

"Wa Mungu," nikamwambia. "Weka sahihi hapo, na namba ya kitambulisho."

Aliisoma yote. Watu wengine walikuwa wanauliza tu "wapi?" na kuandika. Yeye alisoma hadi mwisho, akarudi juu tena. Rafiki yake aliinuka akatoka nje, ugali umebaki nusu kwenye sahani.

"Na nikikataa?"

"Ukatae kwa nini? Kwani wewe ni mmoja wao?"

Nilisema nikicheka. Ulikuwa mzaha wa kila mlango, nilikuwa nimeurudia siku nzima. Akacheka na yeye, akanawa mikono, akaandika jina lake la kwanza na la ukoo kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Nilijivunia ule mwandiko.

"Mama, una pamba kidogo?"

Alikuwa na mazoea ya kuniomba pamba. Utotoni masikio yalimsumbua, nikadhani ni hayo. Nikachomoa konzi moja kutoka kikapu changu cha kazi, nikampa, nikaenda mlango uliofuata.

Baada ya hapo vijana walianza kusimama karibu na lile geti na simu, wakipiga picha kila anayeingia. Niliwasifu. Niliwapelekea chai mara moja.

Msimu wa baridi mwanangu alianza kukonda. Alisema ni vidonda vya tumbo, nikampikia uji wa wimbi. Kichwa kikaanza kumuuma mpaka hataki mwanga. Alipolazwa alikuwa ameshachelewa, na alikufa wakati watu wa Moiben wanapanda mahindi. Tukamsafirisha nyumbani kwetu upande wa ziwa. Kwenye wasifu wake tuliandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi," na mimi ndiye niliyesema tuandike hivyo.

Tuliporudi Eldoret, yule rafiki yake alileta sanduku la nguo. Chini ya nguo palikuwa na chupa mbili za dawa. Zilikuwa tupu, imebaki pamba tu. Pamba yangu naijua, kwa sababu naichanganya na nyuzi za vitambaa chakavu. Alikuwa akiishindilia juu ya vidonge ili chupa isilie mfukoni anapotembea. Kulikuwa na kadi pia, yenye muhuri wa ile nyumba ya geti la kijani. Mara ya mwisho kuchukua dawa ilikuwa wiki moja kabla sijaenda kwake na karatasi.

"Hakurudi tena?" nikauliza.

"Alisema hawezi kuingia nyumba ambayo ametia sahihi ifungwe. Halafu wale wa simu wakaja. Nilimwambia twende hospitali kubwa, akasema mama wa kanisa lenu anafagia kule, atakuambia."

"Na wewe ulikuwa nani wake?"

"Mama, mimi ndiye nilikuwa nampikia."

Mwanangu alipenda wanaume, na huyu alikuwa mtu wake. Naandika hivyo bila kuzungusha. Nikizungusha, nitakuwa nimempelekea karatasi mara ya pili.

Nilitaka kitu kimoja tu: jina lake litoke. Karatasi ilikuwa bado haijafika popote, kwa sababu chifu alikuwa amehamishwa. Chifu mpya alipokuja, mwenyekiti alitukusanya uwanja wa kanisa baada ya ibada, asome majina yote kabla ya kuyapeleka. Kila jina likisomwa mwenyewe anaitika, "Nipo!" Alipofika kwa mwanangu alinyanyua karatasi juu.

"Na huyu kijana wetu, marehemu. Hata kaburini bado anasimama na sisi!"

Wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyoniinua.

"Mzee, naomba utoe hilo jina."

"Mama, keti. Tunajua una uchungu."

"Alikuwa anakunywa dawa za nyumba hiyo. Alitia sahihi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimeshika karatasi."

Mama mmoja wa chama chetu cha akina mama, tuliyekaa naye benchi moja miaka mingi, akanivuta sketi. "Usichafue mtoto wako mbele ya watu."

"Simchafui. Namtoa."

"Kumbe mito yetu imejazwa na mama wa shoga!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Mimi kochi langu leo naliosha na petroli!"

Wakacheka, hata waliokula kwenye matanga yake. Yule mama aliachia sketi yangu, akasogea mpaka mwisho wa benchi.

Mwenyekiti alingoja wamalize. "Mwenye jina ndiye hutoa jina," akasema. "Marehemu aje mwenyewe. Lako, kama umegeuka, njoo ukate."

Wakacheka tena. Nilienda mbele. Kalamu nilikuwa nayo. Jina langu lilikuwa la kwanza kabisa, nikalikata. Kisha nikafunua ukurasa. Sikuhitaji kutafuta, nilikuwa nimesimama hapo alipoandika. Nilianza kuvuta mstari, mwenyekiti akaona, akainyakua karatasi.

"Unaharibu kazi ya Mungu!"

Niliondoka, na watu walinipisha njia pana kuliko nilivyohitaji.

Karatasi ilienda kwa chifu hivyo hivyo. Wiki ile vitambaa vilianza kurudi. Vingine vililetwa mlangoni na watoto, vingine nilivikuta vimetupwa juu ya ua, vimelowa. Kanisani hakuna aliyenifukuza, ila nikikaa benchi inabaki yangu peke yangu. Nyumba ya geti la kijani bado iko. Kila mwezi husemwa itafungwa mwezi huu. Vijana wa simu bado wanasimama pale, nami nikipita wananisalimia kwa jina la chai niliyowapelekea: "Mama Chai, leo hujatuletea?" Wanacheka. Wana haki ya kunikumbusha.

Rafiki wa mwanangu alikuja jioni ya siku ile ya uwanja wa kanisa. Mtu alikuwa ameshamwambia. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi, akaniuliza kama ni kweli nimelikata jina lake.

"Nusu," nikasema. "Mwenyekiti aliniwahi."

"Nusu ipi, Mama?"

"Lake la kwanza limetoka. La ukoo limebaki."

Akatikisa kichwa. Kisha akaingia, akaketi kwenye kiti alichokuwa akikalia mwanangu.