Siku Nilipofagia Kisiwa cha Mchanga

Siku ninayotaka kukusimulia, mjukuu wangu, ndiyo siku niliyosifiwa na watu wote nikamwumiza mtu mmoja. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, hapa hapa Kindu, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire na kila Jumamosi asubuhi mji mzima ukitoka na majembe na fagio kwa kazi ya salongo, ule usafi wa lazima wa serikali. Usinicheke, lakini kwa ufagio nilisifika mtaa mzima. Mkubwa wa mtaa alikuwa akipita mikono nyuma, abakosi yake, lile koti la wakubwa wa enzi zile, imenyooka, na akifika kwetu anasimama: "Tazameni uwanja wa mutoto huyu!" Basi kichwa kikavimba. Nikajua kwamba pahali pazuri ni pale palipofagiwa mpaka udongo unang'aa, na pasipofagiwa ni pachafu. Kwisha maneno.

Raha yetu vijana ilikuwa mto. Kiangazi kikikolea Lualaba inashuka, na katikati yake kinatokea kisiwa cha mchanga mweupe, kirefu, kisicho na mti hata mmoja. Jumapili tunavuka kwa mtumbwi na mpira, redio ya betri, samaki wa kuchoma na lituma, zile ndizi za kuponda, imefungwa kwenye majani. Tunaogelea, tunacheza, jua likiinama tunarudi nyumbani na mchanga masikioni.

Aliyetuvusha alikuwa babu yangu mzaa mama, Babu Ramazani, mzee mfupi mwenye mabega mapana, aliyenilea tangu utoto. Unajua huku kwetu babu humtania mjukuu wa kike kwa kumfanya mke wake. Mimi kinywani mwake sikuwa na jina. "Bibi yangu, chai iko wapi?" "Bibi yangu, leo umenuna, nimekukosea nini?" Namjibu, "Sikutaki, umezeeka!" Tunacheka wote wawili mpaka mama anatoka jikoni kutufukuza.

Sasa sikiliza. Kwenye ncha ya juu ya kisiwa kile, upande mto unakotoka, babu alikuwa akichomeka vijiti kila mwaka kuzunguka pahali fulani. Pale walitaga ndege weusi mgongoni, weupe tumboni, wenye mdomo mwekundu ambao nusu ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Wanaruka chini chini huku mdomo ukipasua maji. Hawajengi kiota. Wanataga kwenye mchanga mtupu, na mayai yao yana rangi ya mchanga wenyewe, ukitazama haraka huyaoni. Bibi, mke wake wa kweli, alipofariki, ndio ndege waliomtoa babu ndani ya nyumba. Kila jioni alikwenda kukaa mtoni akiwatazama. Hayo yote niliyajua nusu nusu, vile kijana anavyojua mambo ya wazee: unasikia, unaitikia ndiyo, na akili iko kwingine.

Na mwaka ule akili yangu ilikuwa kwa Saidi. Alikuwa kijana wa kazi ya reli, mpole, anayeona haya hata kuniuliza habari. Dada zake wawili walitaka kuniona, wakakubaliana tukutane kisiwani Jumapili, tule pamoja. Unaelewa? Nilikuwa ninakwenda kutazamwa! Alfajiri babu akanivusha mimi kwanza pamoja na sufuria, mkeka na ufagio. Ndiyo, nilibeba ufagio mpaka katikati ya mto. Mimi huyu.

Alipogeuza mtumbwi kwenda kuwachukua wageni, akaniambia, "Fagia hapa karibu na mtumbwi. Kule kwenye vijiti, uache vile iko."

"Ndiyo, babu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, lakini mimi sikuvunjika la kwangu. Pale aliponionyesha palikuwa na unyevu na majani yaliyoletwa na maji. Kule juu palikuwa pakavu, pana upepo mzuri, na mtu akikaa anaona mji wote. Nikasema, wakwe nitawakalisha kwenye matope? Nikaenda. Ndege wakaruka wakilia, nikawaambia nyamazeni, mtarudi. Nikang'oa vijiti, nikaviweka pembeni viwe kuni za chai. Kisha nikafagia. Lo, nilifagia! Ukungu ulikuwa haujaondoka mtoni, na chini ya ufagio nilisikia vitu vinagongana, ko, ko, nikadhani ni kokoto. Takataka zote nikazisukuma zikawa lundo moja ukingoni, nikatandika mkeka, nikatazama mistari ya ufagio wangu ilivyonyooka.

Mtumbwi ukarudi na Saidi na dada zake. Kabla haujagusa mchanga babu aliacha kupiga kasia, akainua uso kuwatazama ndege waliokuwa wakizunguka juu.

"Nani amefagia kule?" aliuliza taratibu.

"Njo mimi nimefagia, babu!" Nilijibu kwa sauti, ili wageni wasikie.

Dada mkubwa wa Saidi akapiga makofi. "Ee, huyu amelelewa!"

Babu akashuka, akatembea mpaka kwenye lile lundo, akainama, akarudi. Mimi nasubiri aseme bibi yangu amefanya vizuri. Akasema tu, "Karibisha wageni, Zaina." Jina langu! Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu utoto. Akaingia mtumbwini akatugeuzia mgongo, na chakula nilichompelekea hakukigusa. Sisi tukafungua redio. Ndege wakalia juu yetu mchana kutwa, Saidi akatania kwamba wanaupenda muziki wetu, nami nikacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Jioni aliwavusha wageni, akawaaga kwa adabu zake zote, kisha akaniambia nisishuke. Tukarudi kisiwani wawili peke yetu. Akachuchumaa mbele ya lundo langu, akafunua majani kwa vidole, pole pole, moja moja. Mayai. Mengine yamepasuka, mengine mazima lakini jua limeshayamaliza. Ndani ya moja mlikuwa na kifaranga, mdomo tayari umetokeza nje.

Nikamwuliza huku nalia, "Babu, kwa nini hukunigombeza asubuhi?"

"Mbele ya wakwe? Nimuvue mutoto wangu nguo mbele ya wakwe?" Akatikisa kichwa. "Lakini sasa tuko wawili. Zaina, hapa hapakuwa pachafu. Hapa palikuwa na wenyewe. Muntu anaingia nyumba ya watu, anafagia watoto wao pamoja na majani, kisha anatandika mukeka anakula. Njo vile nilikulea?"

Machozi yakamshuka. Sikuwa nimeyaona tangu siku tulipomzika bibi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mayai ndiyo kabisa.

Kiangazi kilichofuata nilichomeka vijiti mwenyewe. Saidi nilikuwa nimemweleza yote, akaja kunisaidia. Ndiye huyo babu yako anayekoroma barazani, kwa hiyo posa haikuharibika. Lakini ndege hawakuja. Macho ya babu yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza kuona hata ncha ya kasia lake. Kila jioni ananiuliza mlangoni, "Zaina, wamekuja?" Shangazi yangu mmoja aliyekuja kututembelea akanivuta kando. "Wewe mwambie tu wamekuja. Mzee hataona, na moyo wake utapoa." Wallahi, nilitamani. Neno moja tu, na labda angeniita tena bibi yake. Nikaenda, nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Bado, babu." Akaegemea ukuta. "Ahsante kwa kunipa kweli," akasema. "Tutachomeka tena."

Mwaka uliofuata tulichomeka tena, na kila Jumapili nilisimama kisiwani kama askari. Vijana wanakuja na mpira, nawaomba wachezee upande wa chini. "Hao ndege wasiokuja ni wa baba yako?" wananitania. "Si wa baba, ni wa babu!" Wakacheka, lakini wakasogea, na wengine wakaanza kuwaambia wenzao kabla sijafungua mdomo.

Kisha asubuhi moja nikawaona. Nilipiga kasia kurudi mjini mpaka mikono ikachubuka. Nikamshika babu mkono, nikamwingiza mtumbwini, na tulipokaribia ile ncha nikaacha kupiga kasia. Aliwasikia. Akainamisha kichwa, sikio upande wao, na uso wake ukafunguka.

"Wako ngapi?"

"Tisa, babu. Wawili wamelalia mayai."

Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu. "Bibi yangu," akasema, "tusisogee. Tutawasumbua."

Nililia, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu.

Kwa hiyo sikukatazi mto. Nendeni mkaogelee, mkapige mpira, mkapendane, Kindu bila mto ni mji gani? Mifuko yenu ya plastiki rudini nayo, hilo hata sihitaji kulisema mara mbili. Ila kabla hujaita pahali pachafu, pori, pasipo kitu, simama kwanza uulize nani anakaa hapo. Kuuliza si ujinga. Ubaya mwingi niliouona maishani haukufanywa na watu wabaya. Ulifanywa na watu kama mimi, wenye ufagio mkononi na hamu ya kusifiwa. Na ukiharibu, usifunike kwa maneno matamu. Chomeka vijiti, sema kweli, subiri.

Mungu akujalie viangazi vingi, mwanangu, na kila kimoja ukute mchanga una wenyewe. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mtu wa kukusitiri mchana na kukuambia kweli jioni.