Siku Kyamwilu Iliponirudisha Nyuma

Chekeni sasa hivi mmalize, halafu mnisikilize vizuri, kwa sababu kisa hiki kinaishia mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, nikiwa nimelala chali kando ya barabara, miguu juu, kichwa mapajani mwa mke wa mchungaji, na watoto wa shule wananipigia makofi. Aibu hiyo nimeikubali. Wacha niwaambie nilifikaje pale.

Kila mwaka vijana wa kanisa letu hapa Mumbuni hupanda mlima ulio juu ya Kyamwilu, na kila mwaka mimi na kiti changu cha magurudumu tulikuwa tukibaki chini na akina mama wa kupika, tukilinda mifuko (nimelinda mifuko mpaka naijua kwa harufu). Mwaka huu nikachoka. Kwenye mkutano nikainua mkono nikasema naenda, na watu wakaanza kutafuta maneno ya upole. Musyoka, mwenyekiti wetu, si mtu mbaya ila anapenda masharti, akajikuna kidevu.

"Sawa, Mutua. Kuvutwa na kamba, kushikwa, hiyo ni sawa, hata sisi tunashikana. Lakini ukibebwa hata mara moja kabla urudi kwa basi, mwaka ujao uko na mifuko."

Nikakubali mbele ya watu wote. Halafu, kwa sababu mdomo wangu haujui kusimama ukishaanza kuteremka, nikaongeza langu ambalo hakuna aliyeniomba: mtu asiguse kiti changu mpaka mimi mwenyewe niseme.

Sasa huo mlima, jamani. Ni mawe ya mchanga kuanzia chini mpaka juu, yale ukiyaparuza kwa kucha yanamwaga unga, na huo unga ndio adui, maana gurudumu linazunguka na wewe uko palepale. Dada yangu Ndunge alifunga kamba mbili mbele na moja nyuma, nikawa nasema "vuta" wanavuta, nasema "achia" wanaachia, mimi nasukuma na mabega yanawaka moto. Penye ngazi za mawe nilishuka kitini nikapanda kwa makalio, jiwe moja baada ya lingine, kiti kikinifuata kwa kamba (nilimwambia Musyoka aandike kwamba kilichobebwa ni kiti, si mimi). Saa tano hivi tulifika kwenye jiwe la juu kabisa, upepo ukanipiga usoni, mabati ya Machakos yakimetameta huko chini, na nikalia. Sitaki kuficha. Miaka kumi na nne ya kulinda mifuko nimeuona mlima huo kwa chini tu, na siku hiyo nilikuwa nimeukalia.

Furaha hiyo ndiyo iliniharibu akili.

Tulishuka salama, taratibu, Ndunge akining'ang'ania na kamba ya nyuma, tukatokea kwenye lami ya Kyamwilu. Kwa asiyepajua, hapo ndipo mahali ambapo macho yanakudanganya: barabara unaiona inapanda, lakini ukimwaga maji yanakimbia kuelekea huko juu, na gari likiachwa bila gia linapanda lenyewe. Mimi nimezaliwa hapa. Nimewapeleka wageni Kyamwilu tangu utotoni, nimewaeleza wajomba kutoka Katangi na marafiki kutoka Nairobi, mpaka nina maneno yangu maalumu ya kueleza.

Basi letu lilikuwa upande unaoonekana ni chini, hatua kama mia hivi. Akina mama walikuwa wametandika mikeka nyuma yangu, upande unaoonekana ni juu, wanapika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Musyoka alishafika kwenye basi, ametoa simu anipige picha ya kumaliza, na hapo nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa. Nikamwambia Ndunge afungue kamba ya nyuma, inaharibu picha.

"Uko na uhakika?" akauliza.

"Si unaona ni mteremko? Nitajiachilia mpaka kwa basi nimeinua mikono."

Nikavua glavu. Nikafungua breki. Nikainua mikono yote miwili juu, nikatabasamu meno yote, na kiti kikaanza kwenda. Nyuma.

Kwanza nilidhani ni basi linaloondoka. Ndunge akawa anatembea kando yangu, halafu anatembea haraka.

"Mutua, nikushike?"

"Usiguse."

"Lakini unarudi nyuma."

"Najua," nikasema, na bado nimeinua mikono.

Kwa nini nilisema najua? Sijui. Nilikuwa nimetangaza mbele ya kanisa zima mtu asiguse kiti changu, simu ya Musyoka inanitazama, nikaona heri ionekane ndivyo nilivyopanga. Nikapunga mkono. Kiti kikaongeza mwendo, nikashika magurudumu kwa viganja vitupu, vikaungua, nikaachia (na zile breki za kiti changu ni za kuegesha tu, kiti kikishakimbia zinapiga kelele na kuendelea kukimbia nawe). Katikati ya barabara kulikuwa na darasa zima la watoto wa ziara na mwalimu wao ameshika chupa, anawaonyesha maji yanavyopanda. Nilimpita.

"Na mnaona," mwalimu akasema bila kushtuka, "hata kiti cha magurudumu kinapanda."

Makofi. Watoto wakanikimbilia wakishangilia, Ndunge anakimbia, leso inamdondoka, na mimi naukaribia mkeka nikiwa nimeupa mgongo. Magurudumu ya nyuma yakaingia mtaroni, kiti kikapinduka, nikatoka kama gunia la mahindi. Nikafumbua macho. Juu yangu kulikuwa na uso wa Mama Mchungaji, na mwiko mkononi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Chakula bado kidogo."

Musyoka akafika akihema, akanitazama, nikaona masharti yakimjia usoni. "Sasa Mutua, tukikuinua hapo, si tumekubeba?"

Na mimi, niwaambie ukweli wa Mungu, nililala pale nikihesabu. Nikiinuliwa, narudi kwa mifuko. Nisipoinuliwa, naendelea kulala mapajani mwa mke wa mchungaji, na mchungaji mwenyewe nilikuwa namwona anakuja na sahani.

"Musyoka," Mama Mchungaji akasema, "huyu tayari amebebwa, na nimembeba mimi. Mimi ni wa kikundi cha vijana?"

"Hapana, Mama."

"Basi masharti yako hayanihusu. Inua mtoto tule."

Wakaniinua. Hakuna aliyebisha, mchungaji hata alinipa sahani yake. Nilimaliza njia baada ya kula, nikisukuma kurudi kwa basi, na ule mteremko wangu wa picha uliniua kuliko mlima wote. Ndunge alitembea kando yangu, mikono nyuma, haniangalii.

"Kwani kushikwa kulikuwa kumekatazwa?" akauliza.

Nikafikiria. Musyoka alisema nisibebwe. La kushikwa nilijikataza mwenyewe.

"Hapana," nikasema.

"Aiya, Mutua." Akaendelea kutembea.

Mwaka ujao naenda tena, jina langu limeshaandikwa la kwanza. Nitabeba chupa ya maji ya kumwaga barabarani kabla ya kufungua breki, na dada yangu akiniambia narudi nyuma, sitasema najua. Siku ile nilisukuma hatua ishirini zaidi, mikono ikakataa kabisa, nikasimama.

"Ndunge," nikasema, "shika."

Alikuwa ameshashika.