Kiti cha Katikati, Kando ya Mama Mkwe

Jamani, kuna aibu ya kuteleza kwenye tope na suti yako ya harusi, hiyo unajifuta unaendelea na sherehe, na kuna aibu yangu mimi, ya kuzuia ndege nzima isiondoke Nairobi huku abiria wakinisaidia kupatana ng'ombe na mama mkwe. Hii haifutiki, nimejaribu. Nimeamua niisimulie mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia pale stendi ya bodaboda Nyamongo wakiiongezea chumvi, eti nililia. Sikulia. Machozi yalinitoka kidogo, hewa ya ndege ni kavu, aliyewahi kupanda anajua.

Mimi naitwa Mwita, nauza pampu za maji na spea za karasha (zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu), na tangu watu wa Nyakunguru wafumue mashimo mapya ya dhahabu biashara ilinichanganya akili, yaani pampu inaondoka kabla hata sijaifuta vumbi, ikabidi niwe nafuata mzigo mwenyewe China, nakwenda narudi, nakwenda narudi, kila mara ndege ya shirika lile lile. Kumbe wale watu kila ukipanda wanakuwekea pointi, unazikusanya, zikifika kiasi fulani wanakupa tiketi, wewe unalipia kodi tu. Nilipojua hilo, basi tena! Mkurya mpe kitu cha kukusanya uone. Nilikuwa naziangalia kwenye simu asubuhi kabla ya kunawa uso, kama mtu anayehakikisha mifugo yote imelala zizini.

Sasa mama yake Bhoke (Bhoke ni mke wangu) anakaa Nyarero, mjane, analima muhogo na mtama wake, na mtoto wake wa mwisho, Ryoba, alikuwa anasomea udaktari huko huko China. Baba yao alifariki Ryoba akiwa masomoni, hakuweza kuja kuzika, na tangu hapo yule mama alikuwa na neno moja tu mdomoni: "Nitamwona mwanangu na joho. Nikishamwona, mengine Mungu atapanga." Na mahafali yalikuwa yamekaribia. Bhoke akaniangalia, mimi nikaiangalia simu, pointi zilikuwa zinatosha watu watatu, na katoto ketu kachanga kangepakatwa. Nikasema, mama anakwenda! Siku ile pale nyumbani nilipigiwa vigelegele mpaka majirani wakadhani nimeokota jiwe la dhahabu.

Lakini ngoja niwaambie kitu kimoja, maana msipokijua hiki hamtanielewa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamkai benchi moja, na hiyo siyo chuki, ni heshima yenyewe. Mimi nikimwona mama anakuja njiani naingia kwenye mahindi ya watu, na yeye anageuza uso, tunasalimiana kwa mbali kila mtu anaangalia upande wake, shikamoo inakwenda kwa pembeni na marahaba inarudi kwa pembeni. (Siku moja niliingia kwenye shamba lililokuwa limetoka kumwagiwa samadi, na viatu vyeupe. Heshima ina gharama zake.) Kwa hiyo tiketi zile za kwanza nilizipanga vizuri sana, mama na Bhoke mbele, mimi mkiani kabisa karibu na choo, kwenda Nairobi hadi China na kurudi Nairobi. Safi. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Shida ilianzia dukani. Nilikuwa natamba mbele ya wateja, nikifungua simu kila mmoja aone tiketi za bure, ndipo mchimbaji mmoja anaitwa Magige, mtu mwenye mdomo, akasema, "Mura, pointi zote hizo halafu mnakwenda na kurudi njia ile ile, kama watu waliotumwa chumvi?"

Jamani, ilinichoma! Nikasema wewe Magige hunijui, kaa hapo. Kwa pointi zile zile unaruhusiwa kutua katikati ya safari, ukalala mji mwingine siku mbili tatu, ukatembea, halafu ukaendelea na tiketi yako, nikaweka hapo Uarabuni wakati wa kurudi. Halafu kuna mtindo mwingine, unaondokea mji huu lakini hurudii pale, unashukia mji mwingine kabisa, Wazungu wanauita taya wazi kwa sababu ukiichora safari kwenye karatasi haifungiki, inabaki mdomo. Nikasema tutaondokea Nairobi, lakini kurudi tunashuka Kilimanjaro, tunapanda basi la kukatisha mbugani, mama anatua Mugumu kumsalimia dada yake ambaye hawajaonana miaka, kisha ndiyo Nyamongo. Nikabonyeza, ikakubali. Duka zima wakasema aaaah! Magige mwenyewe akanipa mkono, kuanzia siku hiyo naitwa profesa wa pointi. Chini kabisa ya ile tiketi mpya kulikuwa na maandishi madogo yanayosema ukibadilisha safari viti ulivyochagua vinafutika na utapangiwa vingine. Nani anasoma maandishi madogo huku anapigiwa makofi?

Tukaondoka. Mpaka Sirari mama amekaa mbele na dereva, mimi nyuma na mabegi. Sirari mpaka Nairobi vile vile. Uwanjani mimi nilibaki nyuma nikipiga simu ya video, nikiwaonyesha watu wa dukani zile ndege kubwa ("Ile pale, mnaiona? Ndiyo yetu ile!"), Bhoke na mama wakatangulia kuingia, mimi nikawa mtu wa mwisho kabisa. Naingia na kikaratasi changu mkononi, natafuta kiti, natabasamu kama mgombea udiwani, mpaka nikafika kwenye safu yangu.

Dirishani alikuwa amekaa mama mkwe. Pembeni amekaa dada mmoja na mtoto mchanga anayelia. Kiti cha katikati kitupu. Changu.

Mama aliniona. Alivuta kitenge akajifunika kichwa chote, akageukia dirisha. Mimi nikarudi kinyumenyume, nikamkanyaga mhudumu, nikamwangushia mzungu kofia, nikafungua mlango wa kwanza niliouona, nikajifungia. Kilikuwa choo. Nikakaa humo nikiwaza, Mwita, umefanya nini, Mwita umefanya nini, na mhudumu anagonga, mara wakawa wawili wanagonga.

Nikatoka. Milango imeshafungwa, watu wote wamekaa, mimi peke yangu nimesimama, macho ya ndege nzima yako kwangu. Nikamwambia mhudumu kwa Kiingereza changu cha kununulia pampu kwamba pale siwezi kukaa, yule ni mama mkwe. Akaniuliza, mmegombana? Nikasema hapana, nampenda sana, ndiyo maana siwezi kukaa naye. Alinitazama kwa huruma, ile ya kumtazamia mgonjwa. Akasema basi nibadilishane na mke wangu aliye nyuma. Haikuwezekana, maana Bhoke alikuwa na mtoto mchanga na ile safu tayari ina mtoto mchanga, barakoa za oksijeni hazitoshi watoto wawili pale. Akawauliza abiria, nani atakubali kubadilisha kiti? Kiti cha katikati, pembeni kuna mtoto anapiga kelele. Wee! Kila mtu aligeuka ghafla kuangalia mabawa ya ndege.

Hapo ndipo yule mkubwa wa wahudumu alikuja, akasema rubani anataka jibu, nikae au nishuke na mizigo yangu. Mizigo yangu ilikuwa pamoja na ya mama na Bhoke, na hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege wala anayejua pa kubadilishia ndege huko mbele. Nikishuka mimi, tunashuka wote. Na Ryoba atavaa joho lake peke yake, kama alivyomlilia baba yake peke yake. Nikashika kiti cha mtu. (Hapo ndipo ile hewa kavu iliponiingia machoni.)

Kumbe chini ya kitenge mama alikuwa anasikiliza kila kitu. Ghafla ikatoka sauti, kali, haimwelekei mtu, inaelekea dirishani: "We mama wa mtoto, mwambie huyo mtu aliyesimama huko, kwani anataka nisimwone mwanangu?"

Yule dada wa pembeni alikuwa Mjaluo wa Migori, anaitwa Atieno, akashtuka. "Wueh! Mama, kwani huyo ni mkwe wako?"

"Ndiye."

"Ai, sasa naelewa! Hata kwetu mama mkwe haukalii karibu." Akasimama na mtoto wake begani, akaitangazia ndege nzima, Kiswahili na Kiingereza, "Jameni, huyu mtu si mwendawazimu! Ni adabu imemshika!" Watu wakaanza kucheka, lakini kicheko cha upande wangu sasa.

Mama akaendelea. "Mwambie akae. Lakini kitenge kiwe ukuta kati yetu. Na hiyo aibu aliyonipa mbele ya watu aisafishe. Tukirudi nikute mtamba kwangu."

Hapa nakiri udhaifu wangu. Ndege imechelewa, rubani anasubiri, mimi ndiye mwenye makosa, lakini mtu ametaja ng'ombe, damu ikachemka! Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Dada Atieno, mwambie mama, mbuzi dume mzuri."

"Mama, anasema mbuzi."

"Mbuzi?" kitenge kilitikisika. "Mbuzi ni ya kukanyagana mguu sokoni!"

"Anasema mbuzi ni ya kukanyagana mguu!" Atieno akanitupia, na huko nyuma kuna wafanyabiashara Wakenya wakapaza sauti, "Mpe mama ng'ombe!" Mwingine anawatafsiria Wachina, Wachina nao wakaanza kupiga makofi, ng'ombe, ng'ombe, hawajui hata wanachosema. Kutoka mkiani nikasikia sauti ninayoifahamu kuliko zote, ya mke wangu wa ndoa: "Mwita! Mpe mama ng'ombe tuondoke!"

"Mtamba, sawa," nikasema.

"Mwenye mimba," kikasema kitenge.

"Mwenye mimba," nikasema, na ndege ikalipuka kwa shangwe, yule mzungu niliyemwangushia kofia akairusha juu mwenyewe.

Atieno akafunga kitenge cha pili kati ya viti, pembe moja kaibana kwenye kile kiti cha mbele, mimi nikakaa na mgongo umegeukia ukuta, na tukaruka. Maskini Atieno hakulala. "Dada, mwambie mama mkanda unafungwa hivi." "Dada, mwambie huyo mtu masikio yangu yameziba." "Dada, mwambie mama ameze mate." Tuliposhuka Uarabuni kubadilisha ndege mimi nilikwenda mbio kaunta, nikaomba viti vya mbali kwa kushika kidevu changu na kusihi, wakanipa.

Na Jumamosi ile ya mahafali, ndugu zangu, nyie acheni tu. Tulisimama kwenye uwanja wa chuo, mimi upande huu na mama upande ule, likapita kundi la majoho mekundu na katikati yake Ryoba, mrefu, anatafuta kwa macho. Mama aliachia kigelegele ambacho naamini kule China hakijawahi kusikika. Kundi lote likasimama. Ryoba akatoka kwenye mstari mbio, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamvua kilemba akamvisha ile kofia yake ya pembe nne, akasema, "Mama, baba angekuwepo," na mama akasema, "Yupo, simama." Mimi niligeuka kando, nikalia. Hapo nakubali, hapo nililia, na sijutii pointi hata moja.

Kurudi tulilala Uarabuni kama nilivyopanga. Mama akasimama mbele ya duka la dhahabu, vioo kutoka chini mpaka juu, akatazama, kisha akamwambia Bhoke, "Mwambie mumeo, kumbe huku ndiko mnakoileta dhahabu yetu." Tukashuka Kilimanjaro, tukakatisha mbugani, pale Mugumu mama akakumbatiana na dada yake wakakaa chini pale pale stendi, wakilia na kucheka. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokipanga mbele ya Magige, na nikawa nakaribia Nyamongo kifua mbele, nikisubiri kupokelewa kama profesa.

Basi linasimama, bodaboda wote: "Mtambaaa! Karibu Mtamba!" Atieno alishawasimulia watu wake Migori, habari ikavuka Sirari zamani, Isebania huko kuna shangazi wa mtu, Sirari kuna shemeji wa mtu, ilifika kabla yetu na ikiwa imenona. Hadi leo mteja akiingia dukani anaomba pampu kwa "bwana Mtamba". Magige ndiye aliyenisaidia kumswaga yule mtamba mpaka Nyarero, akicheka njia nzima, na mtamba mwenyewe ameshazaa ndama jike mzuri ajabu.

Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitabonyeza kubadilisha tiketi tena nikiwa napigiwa makofi, na kwamba kabla ya njia, kabla ya mji wa kulala, kabla ya chochote, viti kwanza. Wiki iliyopita Bhoke katoka Nyarero kusalimia, akaniambia mama ameuliza pointi zimefikia wapi, maana Ryoba amepata kazi huko na anaoa. Nikamjibu zinatosha, na safari hii mama asiwe na wasiwasi, nitamwekea kiti mbali kabisa na changu.

"Nilimwambia hivyo hivyo," Bhoke akasema, "akasema usijisumbue na viti. Zizini kwake bado kuna nafasi."