Mkoba wa Mama Jenerosa

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilitolewa nyumbani karibu kwa nguvu. Mimi ni mtu wa kukaa kwangu. Hata Kibondo naihesabu ng'ambo. Lakini dada yangu pacha, Bukuru, kama kwetu anavyoitwa pacha anayetangulia kuzaliwa, alitaka mtu wa kumbebea ngozi kutoka Kasulu mjini, na pacha mwingine hakuwa naye.

Ilikuwa miaka ya tisini, Bukuru anajifunza kushona mikoba kwa mjomba wetu, fundi viatu. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Jenerosa, mkunga. Mkanda wa mkoba wake wa zamani ulikuwa umekatika njiani kwenda Muyama, mvua inanyesha, mzazi anamsubiri. Mkasi, pamba, nyembe, vyote vikalala topeni. Sasa alitaka mkoba ambao hautamfanyia tena vile.

Mzee Hamisi, muuza ngozi, alitutandikia ngozi mbili. Moja nyeusi, inang'aa. Nyingine kahawia, ina makovu ya miiba na kupe. Mimi na cheti changu cha sekondari tukaikumbatia nyeusi.

"Hii hapa! Akiingia nayo kanisani, padri atapoteza ukurasa."

"Wewe unanunua kioo au ngozi?" Bukuru akaigeuza, akaikunja. Upande wa ndani ulijaa mikato ya kisu, mahali pengine pamebaki pembamba kama karatasi. "Mzee wangu, huyu alichinjwa lini?"

Mzee Hamisi akacheka mpaka kofia ikasogea. "Krismasi, binti yangu. Waliomchuna walikuwa na njaa."

Tukachukua yenye makovu. Nililalamika njia nzima. Bukuru akaniambia, "Haya majeraha ng'ombe aliyaponya mwenyewe. Ya kisu nani atayaponya?"

Ungemwona akifanya kazi, mwanangu! Sehemu ya mgongo, ambayo ni nzito na haivutiki ovyo, aliikatia mkanda na kitako cha mkoba. Ya tumbo, laini, akaifanya mfuko mdogo wa ndani. Alishona kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Kila tundu sindano zote mbili zinapishana, ili uzi ukikatika upande mmoja, wa pili ubaki umeshika. Mimi nilikaa pembeni nikila mihogo na kutoa maoni. Kazi ngumu hiyo, usiidharau.

Asubuhi Mama Jenerosa alipofika kuuchukua, baada ya salamu za "mwakeye" mlangoni, aliushika mkoba akatabasamu kama ameshika mtoto.

"Subiri kidogo, mama," Bukuru akasema. Akatumbukiza jiwe la kusagia ndani, akautundika kwenye boriti ya karakana. Tukautazama. Mimi sikuona kitu. Mjomba hakuona kitu. Bukuru akasogeza uso karibu na pale mkanda ulipoungana na mdomo wa mkoba.

"Matundu yameanza kurefuka."

"Yoo! Mwanangu, mimi nabeba mkasi, sibebi jiwe," Mama Jenerosa akasema. "Nina mzazi Muyama, siku zake zimefika. Nipe hivyo hivyo."

Mwanangu, mteja wako wa kwanza amesimama mbele yako na anaipenda kazi. Mjomba anakukonyeza uachie. Ningekuwa mimi, ningemfungia na kumsindikiza hadi njiani. Bukuru alichukua kisu, akaukata mkanda palepale. Mama Jenerosa akafunga vitu vyake kwenye kitenge, akaondoka bila kuaga. Sokoni wakaanza kumwita Bukuru Fundi Kisu. Mjomba akanuna. Dada yangu akala kidogo siku hizo, lakini akashona.

Mkanda mpya aliushusha ubavuni, akaupitisha chini ya kitako, akaupandisha upande wa pili. Sasa mzigo ulikalia mkanda wenyewe, na nyuzi zikawa na kazi ya kuushika tu usihame. Akaupeleka mwenyewe nyumbani kwa mkunga. Ulipokelewa kwa mkono mmoja.

Masika yale Mama Jenerosa alirudi karakanani akichechemea, tope mpaka magotini, mkoba begani.

"Baiskeli imenitupa mtaroni," alimwambia Bukuru. "Mkoba ukanasa kwenye usukani, ukaning'inia na vitu vyote. Nimeanguka peke yangu. Mtoto amezaliwa salama, wa kike. Nimewaambia wamwite Bukuru, wakasema hana pacha."

Dada yangu alicheka huku anafuta macho.

Basi wewe unayetaka kushona, igeuze ngozi kabla hujaisifu. Mkanda ukatie mgongoni, na uache uzito ukalie ngozi, si uzi. Na kazi yako ikikunong'oneza kwamba ina kasoro, isikilize, hata kama mteja anatabasamu. Mungu akupe jicho la kuona tundu linaporefuka, akupe na moyo wa kushika kisu. Mikono yako ibarikiwe.