Dishi la Jirani Yetu Halikuyumba

Msomaji wangu, wewe ninayekupa hata yale ninayomficha shoga yangu, jirani yetu, fundi redio wa mtaa wetu wa Cheyo, amefariki, na juzi tumemzika kwenye tope. Mungu amrehemu, na sisi tuliobaki atusamehe vichwa vigumu.

Marehemu alikuwa na ugonjwa mmoja: mawingu. Ukimpelekea redio, unarudi na somo. Kwamba huko juu kuna setelaiti za nchi mbalimbali, nyingine za mataifa yasiyosalimiana, lakini picha za mawingu wanapeana, maana wingu halina pasipoti. Likiwa kwangu leo, kesho liko kwako. "Hata misafara ya zamani iliyopita hapa kwenda Ujiji," alikuwa akisema, "waliochukiana waliambiana kisima kipi kimekauka." Sisi tukisikia setelaiti tunawaza dishi la kuangalizia tamthilia. Basi mtaa mzima ukasema dishi lake limeyumba, yaani chizi. Alicheka tu. "Dishi likiyumba linarudishwa, mama. Shingo ngumu je?"

Siku ya mazishi, mjane wake akaangalia simu, akamfuata mwenyekiti wa kamati ya msiba.

"Baba mwenyekiti, utabiri unasema mchana mvua kubwa. Tumzike asubuhi hii, mume wangu asilale kwenye maji."

"Mama, tunamsubiri mheshimiwa. Anatokea Nzega."

"Mvua haimsubiri."

"Eh! Na wewe dishi limeyumba? Mvua ni ya Mungu!"

Ni ya Mungu kweli, na mimi misa ya alfajiri sikosi. Mwenyekiti sijawahi kumwona huko. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyewapa watu akili ya kuliona wingu likiwa bado Kongo.

Tukasubiri, huku tunakula ubwabwa. Mvua ikaja kama ilivyosemwa. Kaburi likajaa, na kamati nzima, suti na tai, ikawa inachota maji kwa ndoo, mjane kasimama pembeni. Hapo simu ya mwenyekiti ikalia. Mheshimiwa anaomba radhi: tangu asubuhi aliona utabiri, akaahirisha safari.

Nchi zinazotishiana mabomu zinaambiana mvua. Mheshimiwa wetu wa hapo Nzega kashindwa kutuambia, na sisi tulioambiwa tukashindwa kusikia. Sikio la kufa halisikii dawa, ila safari hii aliyelowa ni marehemu, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusikia.

Kwa hiyo habari hii usiibanie. Mpe jirani yako, hasa yule msiyesalimiana, kabla wingu halijafika kwake.