Nilivyouacha Umalkia wa Nkowe

Niliozwa kwa chifu nikiwa na miaka ishirini na mbili, na wa kwanza kushangaa nilikuwa mimi. Serikali ilishafuta machifu kabla mama yangu hajazaliwa, ila ukoo wa mume wangu haukuona sababu ya kukubali. Yeye alirithi cheo kwa mjomba wake. Mjomba huyo, kabla hajafa, alikubaliana na mjomba wangu wa Lionja, na kati yao hakuna aliyeniuliza kama nina kauli. Nikapelekwa Nkowe, nikakabidhiwa nyumba ya bati na mikorosho, watu wakaanza kuniita malkia.

Malkia wa nini? Chifu alikaa nami miezi mitano, kisha akahamia Nachingwea mjini, akafungua duka la vipuri vya pikipiki na kuoa mke wa pili. Kwangu akawa anapita kukiwa na msiba. Anakaa kibarazani, anakunywa maji, anaaga. Nilipalilia ufuta mwenyewe, nikaokota korosho mwenyewe, nikaugua homa na kupona mwenyewe. Mtoto hatukujaliwa, na kwa ratiba ile angetoka wapi?

Mwaka wa tisa nikadai talaka. Ugomvi sikuutaka. Nilitaka kurudi kwa mama yangu nikiwa mtu huru, ningali na meno yangu yote. Mume wangu akasema yeye hana tatizo, niongee na mama yake. Mama mkwe huyo ndiye aliyekuwa chifu hasa; mwanawe alivaa kofia tu.

"Malkia haachwi, mwanangu," aliniambia huku akichambua mboga. "Wewe ukiondoka, unga atatwanga nani?"

Unga wenyewe ni wa mtama. Watoto wa ukoo wakitaka kuingia jando, mke mkubwa wa chifu huutwanga kwa kinu, chifu akaumwaga kwenye kaburi la mjomba aliyemrithisha, ukawa kichuguu kidogo, akaufunika kwa chungu. Asubuhi wanafunua. Ukikutwa umesimama, wazee waliotangulia wamekubali. Ukikutwa umebomoka, wamekataa. Dua inasomwa kwanza, unga unafuata, na sijaona mtu akilumbana juu ya hilo.

Likizo ya mwezi wa sita ikafika, nikasubiri kuambiwa nitwange. Kimya. Kumbe mume wangu aliona haya kunikabili baada ya yale maneno ya talaka, akamtuma mke mdogo anunue unga wa mashine mjini, mweupe, wa pakiti. Walipofunua chungu asubuhi, unga ulikuwa umelala chali. Mama mkwe akauchota, akausugua vidoleni.

"Huu si wa mashine huu? Unamdanganya mjomba wako kaburini?"

Jirani aliponisimulia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaoga, nikavaa khanga mpya, nikakaa. Jua halijafika utosini, bodaboda mbili zikaingia uani: moja imembeba mume wangu, nyingine mama yake.

"Mke wangu," akaanza, sauti laini sijawahi kuisikia, "tusaidie. Watoto wanasubiri."

"Mke wako yuko Nachingwea," nikamjibu. "Mimi kwako ni kinu."

Nikamgeukia mama mkwe, maana ndiye mwenye neno. Nikamwambia nitatwanga, lakini wakati wa kumwaga wazee waulizwe mambo mawili: watoto waende jando, nami niende kwetu na talaka yangu. Unga ukisimama, yamekubaliwa yote mawili. Bibi yule hakumwamini sana mwanawe, ila kichuguu cha unga alikiamini.

"Haya," akasema. "Wataamua wao."

Sasa niseme ukweli. Bibi yangu mzaa mama alinionyesha zamani kwamba mtama ukiulowesha na kuutwanga ungali na unyevu, unga wake hushikana. Mwenyezi Mungu anisamehe, siku ile niliulowesha hasa. Hata hivyo niliogopa. Niliogopa kwamba labda wapo kweli na wananiona.

Asubuhi unga ulikuwa umesimama wima, hata alama za vidole vya chifu zinaonekana. Vigelegele vikapigwa. Mume wangu akatamka talaka mbele ya mama yake na mashahidi, akaiandika kwenye karatasi ya daftari, nami nikalia kwa furaha bila kujificha.

Vitu vyangu vilienea begi moja na gunia nusu. Bodaboda wangu alishawasha pikipiki pale mke mdogo alipoingia na sanduku lake. Mama mkwe alikuwa ameshaamua: malkia sasa ni huyo mke mdogo, na malkia anaishi nyumba ya malkia. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwekea mwenzangu huyo maneno makali, lakini siku ile yalikataa kutoka. Nikampeleka kwenye kinu, nikamwonyesha kiasi cha maji, nikamwambia hilo asimwambie mtu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mwanafunzi. Kisha akaniuliza polepole:

"Dada, yeye huku huwa anakuja siku gani?"

Nilimwonea huruma. Huko nje bodaboda akapiga honi. Nikatoka, nikamwambia azime kwanza pikipiki, nikarudi ndani nikakaa naye.